Barua ya wazi: Njia za miguu za Lushoto zipewe mwenyewe

Kwa Mkuu wa Wilaya ya Lushoto. Wakurugenzi na madiwani wa Halmashauri za Lushoto na Bumbuli. Wahifadhi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Pamoja na wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na msitu.

YAH: NJIA ZA MIGUU ZA KWENDA MSITUNI NA KWENYE MAPOROMOKO

Waheshimiwa,

Salamu nyingi, na poleni na majukumu. Ninaandika nikiwa mkazi wa milima hii na mtembeaji wa njia zake. Ombi langu ni moja. Njia za miguu zinazotoka mjini Lushoto kwenda kwenye maporomoko, ndani ya msitu wa Magamba na hadi kwenye kingo za Irente zipewe mwenyewe. Ninaposema mwenyewe nina maana ya ofisi moja inayojulikana, yenye fungu lake la fedha na mtu wake. Daraja la magogo likikatika leo, kesho asubuhi watu wajue wamwulize nani.

Chukueni njia yoyote mnayoifahamu. Inaanzia kando ya barabara, na barabara hiyo inaangaliwa na TARURA au TANROADS. Inapita nyuma ya nyumba na katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na kabeji, hapo tuko kwenye ardhi ya kijiji. Inavuka kijito, na maji ya kijito yako chini ya Bodi ya Bonde. Inaingia msituni, kwa TFS. Mwisho inatokea kwenye maporomoko, ambayo kwenye taarifa za halmashauri huitwa kivutio. Mwendo wa saa mbili, mamlaka tano. Kila moja ina kitu chake cha kulinda: lami, shamba, maji, miti, mapato. Njia yenyewe, yenye upana wa hatua moja, haimo kwenye daftari la yeyote. Simlaumu mtu kwa uzembe. Kazi ambayo haikuandikwa kwenye majukumu ya ofisi yoyote haiwezi kufanywa, hata watumishi wawe na moyo kiasi gani.

Na tusidhani kwamba tunazungumzia wageni tu. Wageni ni wachache ukilinganisha na wenyeji wanaozipita njia hizi kila siku ya Mungu. Wanafunzi wanazitumia alfajiri na jioni. Akina mama wanapanda nazo wakiwa na mizigo ya kuni kichwani, na wakati wa matunda wanashuka na vikapu vya plamsi na pichi kuelekea sokoni. Mahali gari haliwezi kufika, mgonjwa anabebwa kwenye machela kwa njia hiyo hiyo ambayo mgeni amelipia kuitembea. Kwa hiyo shilingi itakayowekwa kwenye ngazi za mawe za kwendea maporomoko itamsaidia pia mzee anayerudi nyumbani kwake usiku wa mvua.

Niruhusuni nieleze jinsi njia inavyokufa, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Milima yetu ni mikali na watu wana haraka, hivyo njia nyingi zinashuka moja kwa moja, kichwa chini. Mvua ya masika ikinyesha, maji hutafuta pa kupita, na pamekwisha kuandaliwa na miguu yetu. Yanashuka ndani ya njia yakibeba udongo wa juu, kisha changarawe, kisha yanafukua mizizi. Mwaka wa kwanza mfereji una kina cha kiganja. Baada ya misimu michache unafika magotini. Hakuna anayependa kutembea ndani ya mfereji wenye utelezi, kwa hiyo watu wanahamia pembeni, majani ya pembeni yanakanyagwa na kufa, mfereji wa pili unazaliwa. Pikipiki zikianza kupita, kazi ya miaka kumi inafanyika kwa miezi. Mwishowe palipokuwa na kijia cha mtu mmoja pana korongo, na udongo wote uliotoka pale umeishia kwenye kijito, ukaenda kutuama kwenye banio la mkulima wa bondeni.

Tiba yake inajulikana na haihitaji mkandarasi kutoka mbali. Njia inatakiwa ipande kwa kukingama na mlima, kwa kona, hata kama inakuwa ndefu zaidi. Inatakiwa iinamishwe kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Kila baada ya hatua kadhaa kiwekwe kizuizi cha mawe au gogo kilicholazwa mshazari, chenye mfereji wa kutoa maji pembeni. Penye mwinuko mkali ziwekwe ngazi za mawe. Njia za mkato zifungwe kwa kupandwa miti na majani, maana zikiachwa wazi hakuna atakayefuata kona. Kisha, na hapa ndipo mambo mengi huharibikia, awepo mtu wa kuzibua mifereji hiyo kabla ya masika na kabla ya vuli, kila mwaka. Mfereji ulioziba ni sawa na ambao haukuchimbwa.

Wakulima wa Usambara wanaujua ujuzi huu kuliko mtaalamu yeyote. Ni watu waliokata matuta kwenye miteremko ambayo mgeni anaogopa hata kusimama. Tangu mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti mashambani wa miaka ya 1980, uliojulikana kama SECAP, wamepanda majani ya guatemala kwa mistari ya kukinga udongo, na mengi yanashika ardhi na kulisha ng'ombe wa zizini hadi leo. Wapeni kazi hii kwa malipo halali, kila kijiji na kipande chake, na njia zitatengenezwa kwa uimara.

Lakini wapeni pia sauti, kwa sababu milima hii imeshaona kinachotokea bila hiyo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kwenye bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Lengo lake, ukilisoma kwenye karatasi, lilikuwa zuri: kuzuia mmomonyoko. Ila watu walilazimishwa kulima matuta kwa amri, wakatozwa faini, na hawakuulizwa lolote kuhusu mashamba yao wenyewe. Wasambaa waliukataa, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umeporomoka. Mistari ya majani ya guatemala ilikuja kwa njia tofauti kabisa, mkulima akiona faida shambani kwake. Ninawaomba mtakapochora ramani ya njia, mwanzie kwenye mkutano wa kijiji, na wale mama wanaobeba kuni wawe wa kwanza kusema.

Sasa nije kwenye msitu wenyewe. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga milima hii hupanda, hupoa na kutua kama mvua na ukungu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, inaupokea ukungu huo kwa majani, kwa kuvu na kwa ndevu za miti, ukidondoka tone moja moja hadi kwenye udongo mweusi wa majani yaliyooza. Udongo huo unanyonya taratibu na kuachia taratibu. Maji yanayoruka kwenye maporomoko katikati ya kiangazi, wakati mbingu ni kavu kwa wiki nyingi, ni mvua ya miezi iliyopita ambayo msitu umeitunza. Anayepanda kutoka Mombo na kuyaona maporomoko ya Soni kando ya barabara anaangalia kazi ya msitu ulioko juu kabisa, ambao pengine hatafika kuuona.

Na maji hayo hayaishii kwetu. Yanayoshuka upande wa Mombo yanaingia Mto Mkomazi na kisha Pangani, yanapita kwenye mitambo ya umeme ya Hale yenye uwezo wa megawati 21 na New Pangani Falls yenye megawati 68. Upande mwingine wa milima kuna Mto Umba, unaokwenda kumwaga maji baharini karibu na mpaka wa Kenya. Ndiyo maana nimewaandikia halmashauri zote mbili na Bodi ya Bonde kwa pamoja. Mpaka wa Lushoto na Bumbuli uko kwenye ramani. Kijito kinauvuka bila kusimama.

Kuna ua moja ambalo nataka mlifikirie kila mnapopitisha mchoro wa ujenzi karibu na maporomoko. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo uzao wake unauzwa kwenye vyungu duniani kote, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Aina mojawapo imepewa jina la Shume, hapo kwetu. Porini ua hili linaishi mahali pagumu kupatikana: kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi kando ya vijito. Halihitaji kung'olewa ili life. Kata mti mmoja mkubwa unaolipa kivuli ili wageni wapate mandhari nzuri ya kupigia picha, na jua la saa sita litamaliza kazi ndani ya msimu mmoja. Ni hivyo hivyo kwa kinyonga mwenye pembe mbili, na kwa yule ndege mdogo wa sakafuni mwa msitu, akalati wa Usambara, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi.

Kwa sababu hiyo naomba, kwa heshima zote, msijenge sana. Najua kishawishi kilichopo. Fedha za mradi zikipatikana, kila mtu anataka kitu kinachoonekana na kuzinduliwa: ngazi za zege hadi chini ya maji, vibanda, taa, spika za muziki, maegesho ya magari pembeni ya bwawa la kuogelea. Mtu anayesafiri kutoka Dar es Salaam au kutoka Ulaya hadi Lushoto amekuja kusikia maji na mbega wakinguruma alfajiri. Spika ameziacha kwao. Maegesho yabaki mbali, choo kizuri kijengwe hapo hapo kwenye maegesho, na kuanzia hapo watu watembee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka mita 60 kutoka ukingo wa mto ambamo shughuli za kudumu zenye kuhatarisha mazingira haziruhusiwi. Tunachohitaji ni mita hizo zipimwe, ziwekewe alama zinazoonekana, na zisisogezwe kwa ajili ya mwenye uwezo. Ndani yake irudishwe miti ya asili badala ya mikaratusi yenye kiu. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba sehemu ya maji ya mto ni akiba ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe. Vibali vya mabomba na mifereji juu ya maporomoko viangaliwe kwa jicho hilo, hasa Septemba na Oktoba mto unapokuwa mwembamba.

Akitokea mtu akisema msitu ukiachwa hivyo hauna faida, mpelekeni Mazumbai. Ni msitu mdogo, karibu hekta 320, unaomilikiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ni mojawapo ya sehemu za Usambara ambapo bado unaweza kuona msitu wa mlimani ulivyokuwa kabla ya msumeno. Kinachopatikana humo ni njia za kutembea, miti mirefu na ukimya. Watafiti na wageni wanavuka bahari kuja kwa ajili ya hayo matatu.

Suala la usalama halisubiri bajeti ya mwakani. Maporomoko yana hatari zake, na nyingi hazionekani. Jiwe lenye ukoga huteleza hata likionekana kavu. Maji yanayoanguka huchimba shimo na kuzungusha mkondo unaomvuta mtu chini, hata anayejua kuogelea baharini. Hatari kubwa zaidi kwetu watu wa milimani ni mvua ya mbali: Magamba inaweza kunyesha kwa nguvu huku chini jua linawaka na watoto wanaoga. Maji huanza kubadilika rangi, vijiti na majani vinaelea kwa wingi kuliko kawaida, ngurumo inakuwa nzito. Mwenye kuzijua dalili hizi anapanda ukingoni mara moja. Asiyezijua anabaki akishangaa. Kibao kimoja cha mbao chenye maneno hayo kwa Kiswahili kinachosomeka, na namba ya simu ya kuomba msaada, kinagharimu kidogo mno. Kiwekwe kila penye maporomoko yanayotembelewa, na walimu wa shule za jirani wapewe maneno hayo hayo wayafundishe.

Vijana wanaoongoza wageni nao wanastahili kutazamwa vizuri zaidi. Wengine wanawajua ndege kwa sauti, wanaijua mimea kwa jina la Kisambaa na la kitaalamu, na wanaweza kumfikisha mgeni hadi kijiji cha Mtae kwa mwendo wa siku kadhaa wakilala vijijini njia nzima. Lakini yupo pia kijana anayemdaka mgeni stendi, hana kitambulisho wala mafunzo, na akipata ajali msituni hajui hata kufunga bandeji. Wapeni wote nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza, ada iwe wanayoimudu, kisha kitambulisho kitolewe kwa aliyefaulu. Wasichana wahimizwe, ni wachache mno katika kazi hii, na wanazijua njia hizi tangu utotoni.

Kuhusu tozo, nitasema niliyoyashuhudia bila kutaja njia wala aliyekusanya. Wageni wawili waliotangulia mbele yetu walilipa mwanzoni mwa njia, wakalipa tena katikati kwa mtu mwingine, na karibu na maji wakadaiwa mara ya tatu. Hawakupewa stakabadhi yoyote. Walilipa kwa upole na kurudi kimya, na sikuhitaji kuwauliza kama watawashauri wenzao waje. Naomba kuwe na malipo mamoja, kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi moja inayotambuliwa na wote kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho. Mgawanyo uandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: kiasi gani kimekwenda hifadhini, kiasi gani halmashauri, kiasi gani kijijini, na kiasi gani kimerudi kutengeneza njia. Sehemu hiyo ya mwisho isiguswe kwa matumizi mengine yoyote. Mwenyeji anayekwenda shambani, shuleni au msibani asitozwe kamwe kwa kupita, na wanafunzi wanaoletwa na walimu wao kujifunza msituni waingie bure. Mtoto wa Lushoto aliyewahi kusimama chini ya mti mkubwa wa mkulo na kuelezwa una umri gani hatakubali kirahisi ukatwe akiwa mtu mzima.

Ninayoomba hayahitaji sheria mpya. Halmashauri zinaandaa bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 miezi mingi kabla, na ndani yake panaweza kuwekwa kifungu cha njia za miguu, hata kama kitaanza kidogo. TFS, Bodi ya Bonde na vijiji vinaweza kusaini makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema nani ni mwenyewe wa njia ipi, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Anzeni na njia moja tu inayopita kwenye mamlaka zote tano. Ikikamilika na kuvuka masika mbili bila kuwa korongo, nendeni kwenye ya pili.

Kabla ya kikao cha bajeti naomba muitembee hiyo njia ya kwanza pamoja, mkurugenzi, mhifadhi, afisa wa bonde, diwani na mwenyekiti wa kijiji, kwa miguu, siku ya mvua ikiwezekana, na mwanafunzi anayeitumia kila siku awe ndiye kiongozi wa msafara. Majibu yenu msinitumie mimi. Yabandikeni kwenye mbao za matangazo za vijiji, yakiwa na jina la ofisi iliyokubali kuwa mwenyewe na namba yake ya simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Lushoto